Mafuta Iko Ndani

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya giya, yale mazito yanayonuka kama kiberiti kilicholowa, najikuta Koboko, mji wetu wa mpakani. Sijui hata nimefikaje. Nimekaa zangu kwenye kiti, mara vumbi la Januari linapita mlangoni, chungu cha simsim kinachemka taratibu barazani, na moshi wa udi unatoka chini ya mlango wa chumba cha mzazi. Ndani ya chumba kile mtoto wangu wa kwanza anapiga chafya. Nakaa hapo kwa muda bila kufanya lolote, maana najua kinachofuata na sina haraka nacho.

Nijiseme kwanza, kabla wengine hawajanisema. Mimi nilikuwa mtu wa hasira za karibu. Mke wangu alikuwa akisema hasira zangu zinakaa mlangoni, hazingoji kuitwa. Na juu ya hasira nilikuwa na kiburi cha lugha. Ujana wangu niliumalizia Mombasa, karani wa bandarini, na niliporudi kwetu Ludara kufanya kazi ya bwana tumbaku, mkaguzi wa mashamba ya wakulima, nilirudi na suruali mbili, saa ya mkono na Kiswahili kilichonyooka. Koboko nzima walikuwa wanasema iko. Mtu iko, maji iko, shida iko, Mungu iko. Nami nikawa nawasahihisha, muuza duka, karani, hata askari wa zamu, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele wa wenyewe.

Mama mkwe wangu sikuweza kumsahihisha. Alikuwa Mnubi wa Arua, mjane wa dereva wa jeshi la zamani za Mwingereza, na heshima ya mkwe haina mchezo. Lakini alipokuwa akisema iko yake, mimi nilikuwa natabasamu pembeni. Nilidhani haoni. Alikuwa anaona.

Alikuja kwetu mwaka ule wa sabini na nne kumlea binti yake arobaini. Kwao mzazi hatoki siku arobaini. Anafukizwa, anakandwa kwa mafuta ya simsim yaliyochemshwa na karafuu mpaka yakawa meusi, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na mama yake ndiye mkuu wa mambo yote hayo. Magoti ya mama mkwe yalikuwa yameshavimba kwa uzee. Alitandika mkeka wake kwenye baraza ya nyuma, akaweka jiko lake la mkaa na chungu chake, na kutoka hapo akaitawala nyumba. Pembeni ya mkeka huo ndipo ilipokuwa inalala pikipiki yangu.

Pikipiki yenyewe nayo ilikuwa mgeni. Ilikuja na Mzungu mmoja aliyekuwa ameiendesha kutoka kwao, akapita jangwani, akapita Juba, akaingia kupitia mpaka wa Oraba akielekea mwisho wa Afrika. Homa ikamkuta Koboko. Alipopata nafuu hakutaka tena kusikia habari ya mwisho wa Afrika. Nikampa saa yangu ya mkono na kiti kwenye lori la kwenda Kampala, naye akaniachia pikipiki, na spana zake zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa chini ya kiti. Ilikuwa kubwa, nyeusi, imetengenezwa kwa safari za mbali, na silinda zake mbili zilitoka huku na huku mfano wa viwiko vya mama anayegombana sokoni. Haikuwa na mnyororo. Nguvu ilitoka kwenye giya ikapita ndani ya bomba la chuma, kwenye shafti, mpaka gurudumu la nyuma. Watoto walikuwa wanainama kutafuta mnyororo wasiuone.

Niliipenda kupita kiasi, na sioni haya kulisema. Nikiwa juu yake kwenye barabara ya Ludara asubuhi, ukungu umelala mabondeni, injini inaguna chini kwa chini, nilikuwa nasahau kama nina mwili. Mashamba ya tumbaku yalikuwa yananipita kama mtu anayefunua kurasa polepole. Mara nyingine nilifika kwa mkulima nikiwa sikumbuki nilivyovuka mto.

Basi wiki ya pili ya arobaini, giya zikaanza kulia. Mluzi mwembamba, kwenye giya ya tatu. Nikafungua nati ya ubavuni, ile ya kutilia mafuta, nikaingiza kidole. Mafuta yanatakiwa yakiguse kidole pale pale mdomoni mwa tundu. Kidole kilitoka kikavu.

Nilikuwa na kopo la mafuta ya giya nililolipata Oraba kwa dereva wa lori, na wakati ule kupata kopo kama lile ilikuwa bahati, maana hata chumvi na sabuni zilikuwa zimeadimika. Nikajaza. Baada ya siku tano mluzi ukarudi. Nikatia kidole, kikavu. Nikajaza tena.

Sasa mafuta yakipungua lazima yawe yamekwenda mahali. Nikaanza kutafuta mahali hapo. Kwanza niliosha giaboksi yote kwa mafuta ya taa, nikatandika gunia jeupe la unga chini ya pikipiki usiku kucha. Asubuhi gunia jeupe vile vile, hata tone. Nikaikaza nati ya chini, nikabadilisha washa yake, ile pete ndogo ya kuzibia. Hakuna. Nikaangalia pale waya wa spidi unapoingia, pakavu. Nikajaribu klachi kwenye mlima, maana mafuta yakiingia kwenye klachi itateleza na kunuka. Klachi ilishika sawasawa.

Nikaenda Arua kwa fundi wangu, mtu mnene, mpole, bingwa wa pikipiki za Kiingereza. Akaizunguka mara mbili, akakuna kichwa. Akaniambia niipake unga wa muhogo mkavu kwenye maungo yote, niiendeshe siku nzima, na popote unga utakapolowa ndipo mafuta yanapotokea. Mke wangu aliposikia kutoka chumbani alicheka mpaka mtoto akaamka. "Watu wanatafuta unga wa kula, wewe unalisha chuma," akasema.

Nikapaka. Nikaenda Omugo na kurudi. Ile pikipiki ilikuwa nyeupe kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga, na unga ulikuwa mkavu kila mahali. Nikatia kidole. Mafuta yamepungua tena.

Nikarudi kwa fundi. Akaninong'oneza, kwa huruma kabisa: "Bwana, mafuta haina miguu. Kama haianguki chini, mtu anachukua."

Neno lile nilirudi nalo Koboko, nalo likawa linakua njiani. Nani anakaa karibu na pikipiki kutwa? Nani ana chupa ya mafuta meusi? Nani anayapaka magotini kila jioni, akisugua huku anafumba macho kwa raha? Nikakumbuka kwamba nati ya ubavuni sikuwa naikaza sana siku hizi kwa sababu ya kuifungua mara kwa mara, hata mkono wa mwanamke ungeifungua. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshakata kesi. Nikikumbuka sasa nataka kujishika shati niutoe nje mwili ule wa kijana, niuulize ulikuwa na akili za wapi.

Ilikuwa alasiri. Mama mkwe amekaa mkekani, anakoroga chungu. Sikutoa hata salamu.

"Mama," nikasema, "mafuta yangu yako wapi?"

Hakuinua macho. Alionja simsim kwenye ncha ya mwiko, akasema kwa utulivu wake ule ule, "Mafuta iko ndani."

Nikatazama mlango wa chumba. Umefunguka kidogo, na juu ya kabati ile chupa nyeusi inaonekana. Mwizi amekiri mwenyewe, nikawaza, na hata hana haya.

"Basi, mama," nikamwambia, "magoti yakishatosheka, unirudishie kidogo yanifikishe kazini."

Ulimi hauna mfupa. Nilisikia maneno yakitoka nami nikayaona matamu. Yeye akaacha kukoroga. Akaepua chungu na kukiweka chini, ingawa simsim ilikuwa bado haijaiva. Akaanza kukunja mkeka, polepole kwa ajili ya magoti, na hakuniangalia.

Mke wangu alikuwa amesikia kila kitu. Akatoka mlangoni na mtoto kifuani, siku ya ishirini na tatu, mzazi ambaye hakupaswa kukanyaga nje. "Mama yangu," akasema, "na magoti yale, alale chini ya chuma chako na spana?"

Nikasema sikumtaja mtu. Akasema hakuna haja, nimeeleweka mpaka kwa jirani.

Kesho yake asubuhi wakapanda lori la kwenda Arua, yeye na mama yake na mtoto aliyefungwa kama kifurushi, uso hauonekani. Nilisimama pale nikashika mzigo mmoja ambao hakuna aliyeniomba kuushika. Mke wangu aliuchukua mkononi mwangu. "Yatafute mafuta yako," akaniambia. "Ukiyapata, uje. Usipoyapata, usije." Na alikuwa mwanamke asiyesema jambo mara mbili.

Nyumba bila moshi wa udi ilikuwa inanuka mimi. Siku tatu nilikula muhogo wa kuchoma, na kila nikipita barazani niliona alama ya mkeka, mahali pasafi pa mraba penye vumbi pande zote. Hasira ilikuwa imeshaondoka, kama kawaida yake, ikaniachia vyombo vya kuosha. Niliogopa. Niliogopa kwamba binti yangu atajifunza kukaa, kutambaa na kusema kwenye nyumba ambayo jina langu halitajwi.

Siku ya nne nilikuwa narudi kutoka kwa wakulima wa Ludara, jua la utosi, na giya zikalia vibaya kuliko siku zote. Nikasimama karibu na nyumba ya kukaushia tumbaku. Mama mwenye shamba akanipa maji kwenye kibuyu, akarudi kwenye kazi zake. Nikakaa chini kivulini, mgongo ukutani. Harufu ya tumbaku inayokauka ni tamu, inalegeza, inamfanya mtu asinzie macho wazi. Kabati langu la kichwa likafunguka lenyewe. Nikawa namsikia mama mkwe akisema, tena na tena, kwa sauti ya mtu anayekoroga: mafuta iko ndani, mafuta iko ndani.

Na ghafla mimi, bingwa wa Kiswahili, nikamsikia vizuri kwa mara ya kwanza.

Maana yule mama hakuwahi kusema ndani akikusudia nyumbani. Nyumbani, kwa Kiswahili chake, ilikuwa kwa nyumba. Chupa iko kwa nyumba, mtoto iko kwa nyumba, peleka kuku kwa nyumba. Ndani yake yeye ilikuwa ndani ya kitu: chumvi iko ndani, yaani ya mchuzi; wadudu iko ndani, yaani ya mahindi. Siku zote zile nilikuwa nacheka Kiswahili chake, sikuwahi kukaa chini nikakisikiliza. Nilimwuliza mafuta yako wapi, naye akanijibu swali langu kwa ukamilifu. Yako ndani. Ya pikipiki.

Nikainuka taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mwingine. Nikafungua kitambaa cha spana. Kwenye lile bomba la shafti, karibu na gurudumu, kuna nati ndogo ya chini ambayo sikuwahi kuigusa, kwa sababu bomba lile linahitaji mafuta kidogo tu, kama finjani moja ya kahawa, na mimi sikuwa nimelitilia chochote. Nikaweka kibuyu cha yule mama chini yake, nikalegeza nati.

Yakatoka. Mazito, ya rangi ya asali, yanameta juani, hayaishi. Kibuyu kikakaribia kujaa. Kumbe kule mwisho wa giaboksi, pale shafti inapotokea, ile pete ya mpira inayozuia mafuta ilikuwa imekwisha, na mafuta yalikuwa yanapita pale tone kwa tone, yanahama kutoka chumba kimoja kwenda chumba cha pili. Hakuna hata tone lililotoka nje ya nyumba. Niliyatazama mafuta yangu nikalia, mtu mzima, barabarani, mchana. Mwenye shamba alifikiri nimepata habari za msiba.

Nikayachuja kwa kitambaa, nikayarudisha kwenye giya, nikaacha kidogo kwenye chupa ya soda na kuiziba kwa gunzi. Nikaenda moja kwa moja Arua.

Mama mkwe alikuwa uani kwake, anasuka kikapu. Nikapiga magoti mbali kidogo, kama inavyotakiwa, nikaisukuma chupa mbele. Nyuma ya pazia nilisikia mtoto, na nilijua mke wangu amesimama pale.

"Mama," nikasema, "mafuta nimeyapata. Yalikuwa ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya pikipiki, mama. Yamehamia kwenye bomba la nyuma."

Akachomoa gunzi, akanusa, akaiziba chupa tena. "Na wewe ulifikiri ndani wapi?"

Nikatazama mchanga. Majani ya kikapu yaliendelea kupita vidoleni mwake.

"Baba ya huyu bibi yako wa nyuma ya pazia," akasema mwishoni, "iliendesha lori ya jeshi miaka ishirini. Mimi nilifua nguo yake. Ilikuwa inasema, mafuta ikipotea na haianguki, iko ndani, imehamia nyumba ingine. Ungeuliza mara ya pili, ningekuambia."

Nikasema nisamehe mama, na sikuyapamba. Akaendelea kusuka.

"Kwa mdomo nimekusamehe," akasema. "Roho iko nyuma. Inakuja kwa miguu."

Mke wangu alimaliza arobaini yake pale pale Arua, kisha akarudi Koboko na mtoto. Sharti lake nilikuwa nimelitimiza, na yeye hakulitaja tena. Ile pete ya mpira sikuipata kamwe. Nilituma Kampala, nilituma Nairobi, hakuna. Kwa hiyo kila Ijumaa nikawa naweka bakuli, nafungua bomba, nayachuja mafuta na kuyarudisha yalikotoka.

Mama mkwe alikuwa anakuja kumwona mjukuu. Alikuja mara nyingi, na alikuwa mcheshi na kila mtu, nami pia. Lakini mkeka wake alikuwa anautandika barazani, na hapo hapo anakula, hapo hapo anakunywa kahawa, hapo hapo anasali. Ikifika jioni anakwenda kulala kwa dada yake upande wa pili wa mji. Nikimwambia, mama, karibu ndani, anajibu, "Hapa iko hewa." Mvua ikinyesha ya upepo, alisogeza mkeka ukutani, akajifunika shuka. "Hapa iko hewa." Miaka mitano hakukanyaga kizingiti changu. Siku za Ijumaa nikiwa nachuja mafuta, alivuta mkeka kidogo kunipa nafasi, na sisi wawili tulikaa pale, kila mtu na chombo chake.

Sikulalamika. Ningelalamika kwa nani? Ni kama nilikuwa nimemwambia kwamba akiingia ndani vitu vinapotea.

Halafu sabini na tisa vita vya kuiangusha serikali vikapanda kuja kwetu. Arua ilianza kumwagika kwenye barabara ya Koboko, watu, magodoro, mbuzi, na mama mkwe alikuja na mmiminiko ule akiwa juu ya mkokoteni wa jirani. Asubuhi iliyofuata nilimpakia mke wangu na binti yetu kwenye lori la Oraba, wavuke mpaka kwenda Kaya, ng'ambo. Mama mkwe hakuweza kupanda. Magoti yaligoma, na juu ya lori watu walikuwa wamesimama kwa kushikana. Ikabaki aje na mimi, nyuma, kwenye pikipiki. Mkwe kumshika kiuno mkwewe, mambo ambayo amani isingeyaruhusu.

Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilifunga blanketi, nikafunga sufuria, nikafungua tena kwa sababu nimesahau hati za shule, nikafunga. Nikatia kidole kwenye giya, kikavu, na bomba lenyewe likatoa kidogo tu, maana mpira ulikuwa umezidi kuoza na sasa mafuta yalikuwa yanavuja mpaka barabarani. Nikasema liwalo na liwe. Nikaipiga teke injini ikawaka. Nyumba niliiacha wazi, kufuli ya nini.

Nikageuka kumwita mama mkwe. Mkeka wake ulikuwa barazani, mtupu. Nikatazama uani, hayupo. Nikazima injini ili niite, nami nikasikia miguu inayoburuzika polepole juu ya sakafu, ndani ya nyumba yangu, kutoka chumba hadi chumba, ya mtu asiyeyajua mapito ya nyumba ile.

Akatokea mlangoni. Mkono mmoja ameshika mwimo wa mlango, wa pili umekumbatia lile kopo la mafuta ya giya. Nilikuwa nimelisahau chini ya kitanda, na ndani yake bado yamo ya kutufikisha Kaya na zaidi.

Akavuka kizingiti kwa kutoka, goti moja kwanza, kisha la pili, akaniwekea kopo mikononi.

"Ilikuwa ndani," akasema.